Amplifaya za Valvu na za Transista: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tofauti ya msingi kati ya amplifaya ya valvu na ya transista ni ipi?

Zote mbili zina kazi moja, nayo ni kupokea ishara ndogo ya umeme kutoka kwenye simu, kompyuta au kicheza santuri na kuipa nguvu ya kutosha kusukuma koni ya spika. Zinatofautiana katika kifaa kinachofanya ukuzaji huo. Valvu ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake waya wa moto huipasha kathodi hadi itoe elektroni, elektroni hizo huvutwa na bamba lenye volti nyingi, na katikati ya njia kuna wavu mwembamba ambao, ukiwekewa volti chache tu, huongeza au hupunguza wingi wa elektroni zinazopita. Wavu huo ndio uvumbuzi wa Mmarekani Lee de Forest, aliyepewa hataza yake mwaka 1908. Transista huutawala umeme kwa namna hiyohiyo ndani ya kipande kigumu, siku hizi cha silikoni, bila ombwe na bila moto. Ya kwanza ilitengenezwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwezi Desemba 1947, na kazi hiyo iliwapatia Bardeen, Brattain na Shockley Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1956.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kile ambacho sikio linaweza kukitambua haitoki kwenye chupa ya kioo bali kwenye kipande cha chuma kilichofichwa nyuma yake. Valvu za kutolea nguvu hufanya kazi kwa volti nyingi, mara nyingi kati ya 300 na 500, na mkondo mdogo, ilhali spika inataka volti chache na mkondo mwingi. Ndiyo maana karibu kila amplifaya ya valvu ina transfoma ya kutolea sauti. Transfoma hiyo ni nzito, ni ghali kuitengeneza vizuri, huelemewa na besi nzito ya chini kabisa, na humfunga mbunifu asitumie mrejesho hasi mwingi (yaani kurudisha sehemu ya ishara inayotoka ili kusahihisha makosa) kama anavyoweza kufanya katika amplifaya ya transista. Anayelinganisha amplifaya mbili za valvu zenye bei tofauti sana na aanze kwa kuuliza kuhusu transfoma kabla ya kuuliza kuhusu valvu.

Kwa nini watu husema kwamba valvu ina sauti yenye joto?

Sababu zake zinaeleweka na zinapimika, wala hakuna uchawi ndani yake.

Sababu ya kwanza ni aina ya upotoshaji. Hakuna amplifaya inayotoa wimbi lilelile lililoingia bila kuongeza chochote. Amplifaya ya valvu yenye ubunifu sahili, hasa ile inayotumia valvu moja ya kutolea nguvu kwa kila upande, huongeza zaidi mwangwi wa pili, yaani sauti iliyo oktavu moja juu ya noti yenyewe. Oktavu hukaa na noti yake kama mtu na kivuli chake, kwa hiyo sikio haliioni kuwa kosa, bali huihisi kama unono. Upotoshaji wa namna hiyo unaweza kufika asilimia moja au mbili bila msikilizaji kulalamika, na wengine huupenda. Amplifaya nzuri ya transista hukaa chini ya asilimia 0.01, kiasi ambacho hakuna sikio linaloweza kukibaini ndani ya muziki.

Sababu ya pili huzungumzwa mara chache, lakini kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito zaidi. Ukinzani wa spika si namba moja. Spika iliyoandikwa omu 8 inaweza kushuka hadi omu 4 katika masafa fulani, yaani kwenye noti fulani za chini au za juu, na kupanda hadi 20 katika mengine. Amplifaya nayo ina ukinzani wake wa ndani unaogawana volti na spika. Tuseme ukinzani huo wa ndani ni omu 2, jambo la kawaida kwa valvu. Pale spika inapokuwa na omu 4 inapoteza desibeli 3.5 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na pale inapokuwa na omu 20 inapoteza desibeli 0.8 tu, hivyo uwiano wa sauti hupinda kwa karibu desibeli 2.7, kana kwamba mtu ameshika vitufe vya besi na sauti nyembamba akavizungusha kidogo. Kwa amplifaya ya transista yenye omu 0.05, mpindo huo hauzidi desibeli 0.1. Kwa hiyo mtu anapodai kwamba amesikia tofauti kati ya valvu na transista, huenda amesikia kweli. Ila alichokisikia ni ndoa ya amplifaya ile na spika ile, na akihamia kwenye spika nyingine anaweza kupata tabia nyingine kabisa.

Sababu ya tatu hujitokeza pale tu amplifaya inapolemewa. Transista zenye mrejesho mwingi hubaki safi hadi ukingoni, kisha kilele cha wimbi hukatwa ghafla kama kwa panga, na matokeo yake ni ukali unaochoma sikio. Valvu huanza kuinamisha kilele polepole kabla ya kukikata, hivyo dalili za kulemewa huja kwa upole.

Je, wati 10 za valvu zina nguvu kuliko wati 10 za transista?

Hapana. Wati ni wati. Imani hii imetokana na huo upole wa kulemewa: mwenye valvu anaweza kuongeza sauti kupita mpaka halali wa amplifaya yake bila kuudhika, na hivyo akadhani bado ana akiba, wakati mwenye transista huambiwa na masikio yake mara moja kwamba amevuka.

Ninahitaji wati ngapi?

Swali hili halijibiki bila kuijua spika. Watengenezaji huandika kiwango cha sauti ambacho spika hutoa kwa wati 1 katika umbali wa mita 1. Spika nyingi za nyumbani zipo karibu na desibeli 87. Nguvu ikizidishwa mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, badiliko ambalo msikilizaji hulitambua lakini halimshangazi. Ili sauti ihisiwe kuwa imekua maradufu, kwa kadirio la kawaida, nguvu inabidi izidishwe mara kumi, yaani desibeli 10. Spika yetu ya desibeli 87 itafika 97 kwa wati 10 na 107 kwa wati 100.

Kutokana na hesabu hiyo yanafuata mambo mawili. Mosi, kuhama kutoka amplifaya ya wati 50 kwenda ya wati 80 kwa matumaini ya kupata sauti kubwa ni kununua desibeli 2. Pili, amplifaya ndogo ya valvu aina ya 300B, ambayo katika umbo lake la valvu moja hutoa karibu wati 8, si kichekesho ikipewa spika inayoistahili. Kwenye spika ya desibeli 97 itafika 106, kiwango ambacho spika ya desibeli 87 ingehitaji wati 80 ili kukifikia. Tatizo huanza pale mtu anapoipenda amplifaya hiyo kwa macho, akaifunga kwenye spika ndogo za kisasa zinazodai nguvu nyingi, kisha akashangaa kwa nini ngoma zimelegea.

Kwa usikilizaji wa kawaida sebuleni, amplifaya huwa inatoa wati moja au chini ya hapo kwa muda mwingi, na nguvu iliyobaki husubiri vilele vya ghafla.

Nikibadilisha amplifaya nitasikia tofauti kubwa?

Kama amplifaya uliyonayo ni nzima, haina mvumo wala mchakacho wa kelele, haikatizi vilele kwa sauti unayosikilizia na haisumbuliwi na ukinzani wa spika zako, basi kuibadilisha kwa nyingine ya transista iliyo nzima vilevile kutaleta tofauti ndogo sana, na mara nyingi hakutaleta yoyote. Sisemi hivyo ili kumkera mtu aliyekwisha kununua. Nimewahi kubadilisha amplifaya mwenyewe, nikakaa wiki mbili nikiwasimulia marafiki jinsi besi ilivyojaa na waimbaji walivyosogea mbele, kisha nikazipima zote mbili kwa mita ya volti na kugundua kwamba ile mpya, kitufe kikiwa mahali palepale, ilikuwa inatoa sauti kubwa zaidi kwa desibeli 1.5. Nilipozisawazisha, waimbaji walirudi walipokuwa.

Tofauti ndogo ya ukubwa wa sauti haisikiki kama ukubwa. Husikika kama ubora. Ndiyo sababu majaribio mengi ya dukani na ya nyumbani hayathibitishi chochote.

Kuna tukio moja linalofaa kukumbukwa. Mwaka 1985 mhandisi wa Marekani Bob Carver aliwaambia wahariri wa jarida la Stereophile kwamba angeweza kuifanya amplifaya yake ya transista isikike sawa na amplifaya ya bei kubwa ambayo wao wangeichagua, nao walichagua ya valvu. Alizipatia zote mbili ishara moja, akapima mabaki baada ya kutoa moja kutoka kwa nyingine, akairekebisha yake hadi mabaki yalipokuwa madogo mno, na wahariri wakakiri kwamba hawakuweza kuzitofautisha. Wapenzi wa transista hulitumia tukio hili kuwacheka wapenzi wa valvu, lakini mimi naona linawapa haki pande zote. Linaonyesha kwamba tabia ya valvu ilikuwepo kweli, kwa sababu Carver alilazimika kufanya kazi ili kuifikia. Linaonyesha pia kwamba tabia hiyo inaweza kunakiliwa bila valvu.

Nifanyeje jaribio la haki nyumbani?

Sawazisha sauti kwa mita ya volti kwenye viungio vya spika, ukipiga toni ya hezi 1,000, hadi tofauti iwe chini ya desibeli 0.1, yaani karibu asilimia 1 ya volti. Sikio peke yake haliwezi kazi hii. Kisha mtu mwingine abadilishe amplifaya bila wewe kuona, wala asikupe ishara yoyote kwa uso au kwa kauli. Badiliko liwe la haraka, kwa kuwa kumbukumbu ya vitu vidogo vya sauti hufifia ndani ya sekunde chache. Rudia mara 16 na uandike majibu. Anayebahatisha tu atapata takriban 8. Anayepata 12 au zaidi ana sababu nzuri ya kuamini kwamba anasikia kitu.

Ukipenda kuonja tabia ya valvu kwa gharama ndogo, funga rezista, yaani kipande cha kupinga umeme, ya omu 1 au 2 yenye uwezo wa wati 20 au zaidi kwa mfululizo kwenye waya wa spika wa amplifaya ya transista. Utapata ule mpindo wa uwiano nilioueleza hapo juu, ingawa hutapata mwangwi wa pili. Sauti ikikupendeza, umejifunza jambo kuhusu ladha yako kabla ya kufungua pochi.

Basi fedha zielekezwe wapi kwanza?

Zielekezwe kwenye spika, halafu kwenye chumba, na mara nyingi chumba hakihitaji fedha bali kuhamisha vitu. Spika hupotosha sauti kuliko kifaa kingine chochote katika mnyororo: kwenye besi, upotoshaji wa asilimia kadhaa ni jambo la kawaida, na mwitikio wake hupanda na kushuka kwa desibeli kadhaa kutoka masafa hadi masafa. Spika mbili za miundo tofauti hutofautiana waziwazi hata kwa mtu asiyejali muziki.

Chumba nacho kina sauti yake. Mawimbi ya besi hugonga kuta na kurudi, na kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, chumba chenye urefu wa mita 5 huvuma kwenye hezi 34 na vizidisho vyake. Mahali fulani chumbani noti hiyo itanguruma, na mahali pengine itapotea kabisa. Tofauti hizo hufika desibeli 10 na zaidi, wakati tunabishana kuhusu desibeli 0.1 za amplifaya. Kusogeza spika nusu mita kutoka ukutani, kuhamisha kiti kisiwe katikati kabisa ya chumba, kutandika zulia zito mbele ya spika na kuweka rafu ya vitabu kwenye ukuta mtupu ni mabadiliko ambayo kila mtu nyumbani atayasikia. Sabufa iliyopangwa vizuri huongeza oktavu nzima ya chini ambayo hakuna amplifaya inayoweza kuitoa kwenye spika ndogo. Nasema iliyopangwa vizuri kwa makusudi, maana sabufa nyingi huachwa zikinguruma kana kwamba kazi yake ni kuwajulisha majirani kwamba imenunuliwa.

Ubora wa kurekodiwa kwa muziki wenyewe ni jambo la tatu, nalo haliko mikononi mwako.

Je, nyaya za bei ghali husaidia?

Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 2.5 na urefu wa mita 4 una ukinzani wa chini ya omu 0.06 kwenda na kurudi. Kwa spika za kawaida hiyo inatosha. Viungio viwe safi na vimekazwa.

Nikibadilisha valvu za aina moja kwa za mtengenezaji mwingine, sauti itabadilika?

Inaweza kubadilika kidogo, hasa kama valvu za zamani zilikuwa zimechoka au mpya zina ukuzaji tofauti. Valvu ndogo ya kuingizia sauti kama ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7, hutofautiana kutoka moja hadi nyingine kwa kelele na kwa tabia ya kulia inapoguswa, na hapo kuchagua vizuri kuna maana. Kwa valvu za nguvu, linalohitajika zaidi ni jozi zinazolingana na mkondo wa utulivu, yaani ule unaopita kwenye valvu wakati hakuna muziki, uliopangwa upya na fundi kama amplifaya haijipangi yenyewe. Mwenye kulipa mara kumi kwa valvu ya zamani kwa sababu ya nembo iliyochapwa kwenye kioo ananunua historia, na historia nayo ina wanunuzi wake halali.

Je, amplifaya mpya inahitaji saa mia kadhaa ili ikae sawa?

Valvu huhitaji dakika 20 hadi 30 za kupata joto kila inapowashwa. Kinachozoea kwa saa mia ni msikilizaji, na huzoea baada ya siku za kurudisha bidhaa kwisha.

Gharama za kuishi na amplifaya ya valvu zikoje?

Valvu huchakaa. Za nguvu hudumu takriban saa 2,000 hadi 5,000, na ndogo za kuingizia mara nyingi hufika saa 10,000. Anayesikiliza saa 3 kila siku hutumia karibu saa 1,100 kwa mwaka, kwa hiyo anaweza kukadiria lini atanunua seti nyingine. Kisha kuna umeme na joto. Waya wa moto wa valvu moja aina ya EL34 hutumia volti 6.3 na ampea 1.5, karibu wati 9.5. Zikiwa nne, wati 38 zimekwishatumika kabla noti ya kwanza haijapigwa, na hiyo ndiyo sehemu ndogo ya matumizi yote. Amplifaya ya kisasa ya transista ya daraja D, ambayo transista zake huwashwa na kuzimwa kwa kasi kubwa, inapotoa nguvu nyingi hupeleka karibu asilimia 90 ya umeme wake kwenye spika na hubaki vuguvugu tu.

Transista nazo hazidumu milele, ila kinachozeeka ndani yake ni kapasita (vihifadhi vya chaji ya umeme) za kemikali, ambazo hukauka haraka zaidi penye joto. Amplifaya ya transista yenye umri wa miaka 30 inayotoa mvumo kwa kawaida inadai kapasita, wala haijafika mwisho wake.

Kuna zile zenye valvu moja mbele na transista nyuma. Je, ni njia ya kati?

Katika baadhi yake valvu hufanya kazi halisi ya kukuza ishara. Katika nyingine, hasa za bei ya chini sana, valvu hupewa volti chache zisizoitosha na kuwekewa taa ndogo ya rangi ya chungwa chini yake ili ing'ae. Hata katika zile za kweli, ukinzani wa kutolea ni wa transista, kwa hiyo ule mpindo wa uwiano haupo. Anayeipenda kwa sura na ainunue kwa sura, kwani kifaa kinachokaa sebuleni miaka kumi kina haki ya kupendeza macho.

Mbona wapiga gitaa hawakubali kuachana na valvu?

Kwa sababu kwao amplifaya ni sehemu ya ala. Mpiga gitaa huilemea kwa makusudi, na namna inavyolemewa ndiyo sauti yake. Msikilizaji wa muziki uliokwisha kurekodiwa anataka kinyume chake, yaani upotoshaji ambao msanii aliuchagua umfikie bila kuongezewa mwingine.

Kuna hatari gani ninazopaswa kuzijua kabla ya kununua ya valvu?

Usiiwashe na kuipigia muziki bila spika kuunganishwa. Mzigo ukikosekana, volti ndani ya transfoma ya kutolea hupanda kupita kiasi na inaweza kuunguza transfoma yenyewe au kurusha cheche kwenye soketi za valvu. Amplifaya ya transista haijali kukosa spika, lakini huogopa nyaya za spika kugusana. Usiweke ya valvu ndani ya kabati lililofungwa, na kama kuna watoto wadogo nyumbani usiondoe kizimba chake, kwa maana kioo cha valvu ya nguvu huunguza ngozi kwa mguso mmoja. Lililo zito kuliko yote ni kwamba kapasita za usambazaji wa umeme zinaweza kushika mamia ya volti hata baada ya plagi kuchomolewa, kiasi cha kuua. Kubadilisha valvu kwa nje, ikiwa imezimwa na imepoa, ni kazi ya mwenye nyumba. Kufungua kifuniko cha chini ni kazi ya fundi anayejua kuzitoa chaji kwa rezista na kuhakiki kwa mita kabla ya kuingiza mkono.